Tumbo Langu Halikuwa na Baba

Wamama wa mutuelle, ninyi wenye kuweka akiba pamoja, jambo. Mama prezida ameniomba nitoe ushuhuda kwa dakika kumi na kwa adabu. Dakika kumi nitaziheshimu.

Kwanza, kile kilicho juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe, musikiguse. Mama wa mbele, nimeona mukono wako. Si keki.

Niko na miaka kumi na tisa na niko sixième, darasa la mwisho la sekondari. Vita ilikula miaka yangu miwili ya masomo, ndiyo maana mimi ni muzee wa darasa. Wengine ni wa kwanza kwa hesabu, mimi ni wa kwanza kwa kuchekesha. Na nitaanza na kichekesho changu kilichofaulu kuliko vyote, juu yote yalianzia pale.

Mwaka uliopita kulikuwa binti mumoja, mwenzetu wa darasa, sitamutaja, alianza kuvimba tumbo. Asubuhi moja akaingia kwa kuchelewa. Nikaruka juu ya kiti, nikasema na sauti ya prefe, mukubwa wa shule: "Musimame! Watu wawili wanaingia!" Darasa zima likasimama. Hata mwalimu alicheka, akajifanya anafuta ubao. Tulifanya vile kila asubuhi, wiki tatu. Wiki ya ine hakuja tena. Wamama, nawaambia ukweli: siku ile kilichoniuma ni kwamba nimebaki bila kichekesho.

Halafu ikawa zamu yangu.

Ilianza na damu. Ya mwezi, tusijifanye watakatifu, wote humu mulizaa. Siku tano zikawa kumi, kumi zikawa karibu mwezi muzima. Nilikuwa navaa vitambaa viwili na jupe mbili, sketi juu ya sketi, nakaa darasani kama kuku mwenye kulalia mayai. Nikisimama, kwanza naangalia kiti. Kisha tumbo likawa gumu huku chini, kama nimemeza jiwe la volkano, na lile jiwe likaanza kupanda. Jupe ya uniforme ikakataa kufunga. Nikaifunga na pini. Pini ikaruka mbele ya watu wote.

Asubuhi iliyofuata nafungua mulango, nasikia: "Musimame! Watu wawili wanaingia!" Wakasimama wote kwa mara moja, vizuri kabisa. Niliwafundisha mimi mwenyewe.

Prefe akaniita. Hakuniuliza kama naumwa. Alisema: "Binti, rudi kwenu. Utakuja tena ukisha kuwa mutu mumoja." Hata yeye alikuwa anaiba vichekesho vyangu.

Nyumbani kulikuwa mama. Mama yangu munamujua, anauzishaka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kule soko ya Kituku, mikono yake imezoea kukamata vitu vyenye kuteleza. Alinikamata sikio.

"Ni ya nani?"

"Mama, mimi sina..."

"Nimeuliza ya nani! Sijauliza kama uko nayo!"

Akanipeleka kupima mikojo kwa farmasi mara mbili. Mara mbili kipimo kikasema hakuna kitu. Mama akasema vipimo vya siku hizi ni vya bandia. Mutoto wake anaweza kudanganya, kipimo kinaweza kudanganya, lakini jirani, aa, jirani hadanganyi.

Mpaka siku nilianguka kwa robinet, kwenye mustari wa maji, na bidon yangu ya maji ikaanguka juu yangu. Mama mumoja akaniruka ili asipoteze nafasi yake. Sitamutaja. Amevaa kitenge cha njano.

Ndipo tukaenda hospitali. Eko, ile picha ya ndani ya tumbo, peke yake ni dola kumi na tano. Daktari akanipaka mafuta ya baridi kwa tumbo, akatembeza kile chombo chake. Mama akashindwa kungoja.

"Daktari, ni mwanaume ao mwanamuke?"

"Mama, hamuna mutoto humu. Ni nyama zimeota ndani ya nyumba ya mutoto. Tunaziita fibrome. Naona saba, labda zingine zimejificha."

Mama akapiga magoti pale pale: "Asante Mungu! Ni ugonjwa! Ni ugonjwa tu!" Akasimama, akacheza. Mimi nimelala pale na mafuta ya baridi, naangalia mama yangu anacheza kwa sababu mimi ni mugonjwa. Daktari alingoja amalize. Kisha akasema bei.

Kupasuliwa, dola mia ine na makumi munane. Nusu mbele ya kuingia, nusu mbele ya kutoka. Glove, nyuzi, serum, dawa, munanunua wenyewe, na listi ilijaza karatasi pande zote mbili. Tena akasema: "Damu ya huyu imekuwa maji kama chai ya internat ya wanafunzi. Bila mifuko miwili ya damu, mimi sikati. Na musichelewe, kila siku anapoteza ingine." Neno la mwisho alimwambia mama polepole, lakini masikio yangu hayakuwa na fibrome: damu ikikataa kusimama siku ya kupasua, atatoa nyumba ya mutoto yote, nisife. Kama mama anakubali, asaini. Mama akasaini. Jina lake likaonekana la mutu mwingine.

Kutoka pale alikuja wapi? Hapa. Kwenu. Tangu banki zifungwe na vita, sanduku lenu ndiyo banki ya mama yangu. Aliwapa karatasi ya eko, na karatasi ikapita mukono kwa mukono. Mumoja wenu akaigeuza juu chini. "Ee, kichwa ndiyo hiki!" Mwingine akasema, "Na huu mugulu." Mwingine, mwenye miwani, akasema, "Na pua ni ya ule kijana wa pikipiki wa kule Ndosho." Wamama! Picha ya nyama saba, ninyi mukaipatia pua! Mukacheka mpaka mukafuta machozi. Mukamwambia, "Tungoje izae kwanza." Mama akakunja karatasi yake, akarudi nyumbani kwa miguu.

Aliponihadisia, nilitaka kuwachukia. Lakini kile kicheko nilikijua. Kilikuwa changu.

Mama akauzisha meza yake ya Kituku na beseni zake zote, na mumoja wenu alikuja kwetu kwa siri akatoa fungu lake mwenyewe. Nusu ya kwanza ikapatikana. Damu ya mama ilikubali, mufuko mumoja. Wa pili tukakosa. Mujomba alikuwa na malaria. Niliandikia wenzangu wa darasa, wakanijibu na picha ya kitanda cha mutoto. Siku tatu nilikaa hospitalini nangoja mufuko mumoja wa damu, na mimi natoka ingine.

Siku ya tatu mulango ukafunguka. Ni ule mwenzetu wa tumbo, mwenye aliacha kuja darasani.

"Nilikuja kukucheka," akasema. "Nimetembea kwa miguu toka Ndosho. Waliniambia uko na mimba, nikasema hii siwezi kuikosa."

"Basi cheka."

Akaniangalia sana. "Haichekeshi. Uko mweupe kama chaki."

Infirmiere, muuguzi wa zamu, akaingia, anauliza kama kuna mutu mwingine wa kutoa damu. Mwenzetu akanyanyua mukono, kama kwa darasa. Infirmiere akaanza maulizo yake. Kilo ngapi? Una malaria? Ulishazaa?

"Ndiyo. Likizo kubwa iliyopita."

"Unanyonyesha, hivyo hatuwezi kukutoa damu."

"Sinyonyeshi. Alikufa. Alikuwa na wiki tatu."

Infirmiere akaandika. Kwa ile formu kulikuwa nafasi ndogo tu.

Nilitafuta hata kichekesho kimoja kidogo. Hakukuwa. Mwenzetu aliporudi toka kutoa damu, na pamba kwa mukono, akainama kwa sikio langu: "Usifikiri ni mapendo. Nataka damu yangu ikae ndani yako. Siku utanicheka tena, ujue unajicheka mwenyewe."

Wakanipasua kesho yake. Zilitoka nyama tisa, kubwa yao kama kiazi cha Masisi. Damu ilisimama. Nyumba ya mutoto ilibaki mahali pake, na daktari ameniambia siku nitazaa watanipasua tena, nisijaribu peke yangu. Kisha akanikataza kucheka wiki mbili, juu ya nyuzi. Mimi! Mama alikuwa anageukia ukuta anacheka peke yake, juu kila nilipojizuia nilitoa sauti ya mbuzi.

Daktari alimwita mama aone kile kilichotoka, akachukua kipande cha kupima, zilizobaki mama akaziomba. Ziko kwa bokali, chupa yenye mudomo mupana. Ndiyo, mama, ile ya chini ya kitambaa. Mulileta sukari na sabuni kuniona, asanteni, lakini mutoto mulikuwa hamujamuona. Haya, ninatoa kitambaa. Mama prezida, shika kwa mikono miwili, ni nzito. Pitisha, mukono kwa mukono, kama mulipitisha ile karatasi. Musigeuze uso. Munionyeshe kichwa. Mama wa miwani, unitafutie pua.

Prefe amenirudisha. Aliomba karatasi ya hospitali, nikamuonyesha bokali, akasema karatasi haina lazima.

Sasa shukrani. Kwa mama yangu, mwenye alikopa nusu ya pili, na leo anauzisha sambaza chini, bila meza. Kwa daktari. Kwa yule mumoja wenu aliyekuja kwa siri. Asingejificha, ningemushukuru kwa sauti zaidi. Na funzo ni dogo, nimelilipia kwa tumbo: mutoto akivimba, mumuulize "unaumwa?" mbele ya kumuuliza "ni ya nani?" Na akisema ni mimba, mumuulize tena "unaumwa?"

Mwenzetu amekataa kukaa humu. Hataki kusikia jina lake, na hata silisemi. Lakini munamujua. Ni ule binti wa kila kutaniko, mwenye kuingia mwishoni na beseni ya mandazi. Mwaka muzima munanunua kwake, munamuambia azidishe moja. Hakuna hata mumoja alienda kuona mutoto wake, wala kumuzika. Hata mimi.

Nasikia sauti yake pale nje. Mama mwenye bokali, uiweke chini.

Musimame. Watu wawili wanaingia.