Mkate wa Tatu wa Fundi

Benchi la mbele ya duka la Fundi, yule mshona nguo, hukaliwa na watu wanne kwa kubanana, lakini asubuhi ile lilikuwa na watatu na mkate mmoja. Mkate umelazwa juu ya gazeti, mweusi chini, bapa juu. Fundi ndiye aliyeuoka, na huo ulikuwa wa tatu. Tangu mkewe afariki, mwaka sasa, binti yao wa miaka tisa hakuomba kitu chochote, mpaka juzi alipouliza taratibu kama baba anaweza kupika mkate kama wa mama. Fundi akasema anaweza. Hapo ndipo alipojikwamisha.

Breki, dereva mstaafu, aliugonga mkate kwa kikombe chake cha kahawa.

— Huu ukimrushia mwizi, kesi inakugeukia wewe.

— Niambie nilipokosea, ndugu yangu. Kucheka nimeshajicheka mwenyewe.

— Hamira imekufa, alisema Daktari, muuza viatu asiyeshindwa kutaja ugonjwa wowote. Uliitilia maji gani?

— Yanayochemka.

— Basi umeiua. Na maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana mimi husema watu watumie maziwa.

— Hiyo methali imeingiaje hapo? Breki aliuliza.

— Kwani maziwa ni maji?

Breki akatikisa kichwa.

— Tatizo ni sufuria. Ile ya marehemu ilishazoea mkono wake. Hata gari, ukimpa mwingine usukani, linanuna.

— Makaa uliweka juu ya mfuniko pia? Daktari aliuliza.

— Chini tu.

— Mimi naona hata si makaa, Breki akadakia. Unga unasikia, Fundi. Ukiukanda na majonzi yako, nao unakaa chini, unakusikiliza.

Hiyo hawakuicheka. Fundi alishusha macho, akautazama mkate kama mtu aliyeitwa jina lake.

Mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alikuwa amefuata sketi yake dukani. Alikuwa amesimama muda wote huo bila kuwakatiza.

— Samahani kaka zangu. Mtoto mwenyewe alisemaje?

— Hakusema neno, Fundi alijibu. Wa kwanza alikula. Wa pili akala. Leo kafunga kipande kwenye karatasi, akakitia kwenye mkoba wa shule. Nikajifanya sioni. Najua amekwenda kukitupa mbali, nisiumie.

— Na kama hakwenda kukitupa?

Breki akageukia barabara. Daktari akafuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Yule mama, alipoyaona macho ya Fundi, aligeuka akajishughulisha na kukaza kanga ya mtoto, ambayo haikuwa imelegea.

Fundi alivua tepe shingoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

— Shule wanatoka saa ngapi? aliuliza.

— Saa nane, mama akajibu.

Ilikuwa haijafika hata saa nne. Fundi alishaanza kufunga milango.