Safari ya Nyumbu Jazz Kwenda Genkuru

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, viongozi wetu wa dini, wazee wangu shikamooni, wanamuziki wa Orchestra Nyumbu Jazz, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekaliwa na waheshimiwa: nawasalimu wote.

Naitwa Nassib, afisa utamaduni mstaafu. Leo tunamuaga mama Irine Robi, mwimbaji wa bendi hii kwa miaka ishirini na sita, nami nimeombwa nieleze safari zao. Walipiga Mugumu, wakapiga Nyamongo, wakapiga Sirari. Na kwa kuwa pale Sirari muziki ulisikika hadi ng'ambo ya mpaka, tangu siku hiyo mabango yao yakaandikwa "bendi ya kimataifa".

Lakini mimi nitaeleza safari ya Genkuru. Tulikwenda kuzindua mradi wa maji. Mgeni rasmi wa siku hiyo aliahidi kufika saa tatu asubuhi, akafika saa tisa alasiri, akatupongeza kwa uvumilivu. Akakata utepe, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likatoa vumbi. Mkubwa mmoja, ambaye jina lake nimelisahau kwa makusudi, akaninong'oneza, "Nassib, waambie wapige kwa nguvu." Wakapiga. Sisi viongozi tukacheza mbele ya bomba kavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheza kuliko wote.

Ndipo mama Irine akainua mkono, vyombo vikanyamaza. Akasema kwenye kipaza sauti, taratibu tu, "Nimeimba tangu asubuhi, koo limekauka. Naomba maji ya bomba hili."

Nani angempa? Bibi mmoja alitoka kwenye umati na kopo la maji ya mtoni, rangi yake kama chai ya maziwa. Irine akayanywa yote, huku mgeni rasmi akitazama viatu vyake.

Wiki iliyofuata ikatoka barua ya kuifungia bendi sherehe zote za serikali, kwa kosa la "kuomba kinywaji nje ya ratiba". Kiswahili chake kilikuwa safi kabisa. Mnajiuliza nimejuaje? Niliiandika mimi.

Miaka mitatu bendi ikaishi kwa harusi na minada. Lakini aibu ile iliwafanya mafundi warudi Genkuru, na mwezi wa tano maji yakatoka, siku ya kazi, bila utepe. Wanakijiji wakaiita bendi wenyewe. Mimi nilikwenda bila kualikwa. Mama Irine akaniona, akanijazia kikombe pale bombani.

Nikamwambia, "Mama, ile barua niliiandika mimi."

Akasema, "Najua, niliona saini. Kunywa kwanza, utaongea baadaye."

Nikanywa, nikaondoka. Hiyo "baadaye" yenyewe imechukua miaka kumi na moja, nimestaafu ndipo nikapata ujasiri. Mama Irine, nilikukosea, na nilijua nakukosea. Naomba unisamehe, mbele ya watu hawa wote.

Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu.