Aliyelala Benchini

Kijiwe cha kahawa cha Kihonda kina benchi moja refu na amri moja: anayesinzia hapo atafagia wiki nzima. Amri hiyo aliitunga Luqmani mwenyewe, kabla virusi havijayashambulia mapafu yake na kumlaza hospitali mpaka mkewe Mwanvita akasahau kucheka. Asubuhi ile, milima ya Uluguru imejifunga ukungu kiunoni, Mwanvita alimleta kijiweni kwa mara ya kwanza tangu atoke wodini, mtoto mgongoni. Wenzake wa kijiweni walikwisha kumtandikia mito ya kuegemea, mmoja ulitoka kwenye kochi la mtu, bado una kitambaa chake cha kufuma.

Wakamkalisha wima kama bwana harusi. Kumbe hapo ndipo walipokosea. Mgonjwa wa kifua hukalishwa, nani asiyejua. Lakini Luqmani akikaa pumzi inakatika, akilala inarudi. Daktari alishawaeleza yeye na mkewe: mapafu bado yanapona, akibanwa alale, na kliniki asikose. Sasa midomo ilianza kupauka, naye anatabasamu tu, akiona haya kuvunja amri yake.

— Shikamooni, alisema Mwanvita. Mnisamehe wazee wangu. Mito ni mizuri, ila huyu akikaa anakosa hewa. Inabidi alale.

— Inaeleweka, alisema Mzee Mwinjuma, fundi bomba wanayemwita Injinia. Mapafu ni tangi. Ukilisimamisha, maji yote yanashuka, juu inabaki hewa tupu.

— Sasa si hewa ndiyo anayoitaka? aliuliza Geofrey Chumvi.

Chumvi akaja na yake: minara ya simu imeusukuma upepo wa mlimani, siku hizi unapita chini chini, ndiyo maana kuku wa Kihonda hawakohoi. Abdulmajid, muuza kahawa, akaapa kwamba basi kuanzia kesho atauza amelala.

Mwanvita alitaka kuwakatiza, kisha akaiona mikono yao. Huku wakibishana, Injinia alishanyanyuka na kumshika Luqmani mabega, Chumvi akahamishia mito kichwani, Abdulmajid akamvua viatu. Luqmani akalala. Rangi ikarudi midomoni.

— Nani atafagia? akanong'ona.

— Ulipokuwa wodini tulikufagilia kwa zamu, adhabu yako imeshalipwa, alisema Injinia. Wewe lala.

Mgeni mmoja, mfanyabiashara wa karanga kutoka Gairo, akaja akaomba kikombe. Akawatazama wanaume wazima watatu waliosimama juani, na mmoja aliyelijaza benchi.

— Samahani, wakubwa. Kwani benchi hili hamlikalii?

— Tunalikalia kwa zamu, alisema Injinia, mwenye jibu la kila kitu.

Chumvi akaangalia mlimani. Mwanvita akageuka upande, akawa anaikaza upya mbeleko ambayo haikuwa imelegea, mabega yakimtikisika kwa kicheko.