Mzee Onja, Aliyekunywa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kikombe mkononi, cha chai, cha maji, cha chochote kile, kiweke chini. Usinywe bado. Nitakwambia wakati ukifika. Najua wapo watakaonuna, lakini leo mtanivumilia.

Tunamkumbuka askari mstaafu aliyetutoka wiki iliyopita. Mtaani kwao aliitwa Mzee Onja. Vitani aliendesha lori la maji. Aliporudi uraiani aliendesha gari la mkate, akisambaza madukani, mpaka macho yalipomgomea. Lori la maji, kisha gari la mkate. Ukimuuliza alifanya nini vitani, alijibu, "Niliwapelekea watu maji," halafu anakuuliza wewe habari za nyumbani kwako.

Na hilo jina? Wasikilizaji wapendwa, jina hilo lilikuwa la kumcheka. Mzee alikuwa na tabia moja ya ajabu: hakumwacha mtu anywe kitu mbele yake kabla yeye hajakionja. Chai yako, anapiga funda moja. Soda ya mgeni, funda moja. Uji wa mtoto, funda moja. Kisha anakaa kimya na kikombe chako mkononi, anatazama ukuta, ndipo anakurudishia. "Haya, kunywa." Majirani wakimwona anakata kona kuja kwao, wanamaliza chai kwa mkupuo mmoja, hata kama inaunguza ulimi. Lakini sahani ya mtu hakuwahi kuigusa. Na mkate ule aliousambaza miaka yote, hakuwahi kuumega hata kidogo. Ni vya kunywa tu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Mkewe aliizoea. "Nilidhani ni uroho," mama huyo ametuambia, huku anacheka na machozi yanamtoka. "Basi nikawa najaza vikombe mpaka pomoni, ili mtu akishaonjewa abaki na cha kutosha." Ndiyo maana nyumba ile kitambaa cha meza hakikukosa madoa ya chai.

Aliyeshindwa kuizoea ni binti yao. Ni fundi cherehani, mtoto wao wa pekee, na tangu utotoni aliionea haya tabia ya baba yake. Siku ya harusi yake, ukumbi umejaa, mhudumu akamwekea baba wa bwana harusi glasi ya juisi. Mzee Onja akanyoosha mkono, akaichukua, akapiga funda. Akakaa nayo. Akairudisha. Yule baba mkwe akaisogeza glasi kando, akasema hana kiu. Bibi harusi akamwinamia baba yake sikioni, tabasamu la picha likiwa bado usoni, akamwambia, "Baba, umenivua nguo mbele ya wakwe zangu."

Mzee aliitazama ile glasi tu.

Kuanzia siku hiyo mambo yakapoa kati yao. Hawakugombana, la. Shikamoo ilikuwepo, marahaba ilikuwepo. Lakini binti alipofungua duka lake la ushonaji na kualika wateja na wakwe, alichagua asubuhi ambayo alijua baba yuko kwenye mzunguko wa mkate. Mzee akafika hata hivyo, na gari lake, na mikate ya bure kwa wageni wote. Akaliona sinia la glasi za juisi. Akaishia mlangoni. "Duka zuri, mama," akamwambia binti yake, kisha akageuka akaondoka mbiombio. Binti akashusha pumzi. Anasema ile pumzi aliyoshusha ndiyo inayomuuma mpaka leo.

Miaka ikapita hivyo. Tumbo lilikuwa likimsumbua mzee tangu alipotoka jeshini, na safari hii likamlaza hospitali. Kila siku binti akifunga duka, huyo wodini. Alimbadilishia shuka, alimkata kucha, lakini mazungumzo yalikuwa ya dawa na mvua. Alijua baba yake hatapona. Alijua kuna jambo baina yao halijaisha, na hakujua aanzie wapi.

Ndipo akaja mgeni. Mzee mwembamba, kofia mkononi, chupa ya chai kwapani. Alikuwa askari mwenzake, mshika redio wa kikosi chao. Akamimina chai kwenye kikombe, lakini hakunywa. Akakipeleka mdomoni mwa mgonjwa. Mzee Onja akapiga funda. Wakakaa kimya, wazee wawili, wanatazamana.

"Haya, kunywa," mgonjwa akasema, sauti haitoki vizuri.

Binti uso ukamwiva. "Samahani, mzee wangu. Baba ana hiyo tabia."

"Tabia?" Mgeni akakiweka kikombe. "Mwanangu, mimi napumua kwa sababu ya hiyo tabia. Kwani hujaambiwa?"

"Hajawahi kusema kitu."

"We jamaa!" Akamgeukia mgonjwa. "Hata mtoto hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?" akajibu Mzee Onja. "Kwamba askari mzima anaogopa chai ya mke wake?"

Basi mshika redio akasimulia. Wasikilizaji wapendwa, hapa tusikilizane vizuri. Kule vitani, adui alikuwa anarudi nyuma huku anatia sumu visimani. Mkuu wa kikosi akaamuru maji yaonjwe kwanza, kwa zamu, kabla wengine hawajanywa. Zamu ya kwanza ilimwangukia dereva wa lori. Akaonja, akapona. Zamu ya pili ilikuwa ya mshika redio, kijana ambaye hata ndevu zilikuwa hazijamwota, kikombe tayari mkononi. Dereva akamnyang'anya. "Maji nimeyaleta mimi, nitaonja mimi." Na ikawa hivyo siku zote. Anaonja, anaketi kwenye bampa ya lori, na wanaume wenye bunduki wanamkodolea macho, midomo imewakauka, wanangoja kuona kama ataanguka.

"Na siku moja akaanguka," akasema mshika redio. "Lakini kwanza alifungua bomba la tangi, maji yote yakamwagika mchangani. Alijua tusingejizuia kwa kiu tuliyokuwa nayo. Na sisi tukamtukana, mwanangu. Tulimtukana mpaka tulipoona povu linamtoka mdomoni."

Tumbo lile halikupona tena. Ndilo hilo lililomlaza kitandani.

Binti akaketi. Uji wake wa utotoni, soda za rafiki zake, glasi ya mkwe, vyote vilimrudia. Na kumbe siku ile mlangoni mwa duka, baba alikuwa anajizuia asimtie aibu tena, akakimbia asiwaone watu wakinywa vitu ambavyo hakuna aliyevionja.

Mezani palikuwa na glasi ya maji ya kumezea dawa. Binti akaichukua. Akapiga funda moja. Akamnyooshea baba yake.

Mzee akatikisa kichwa. "Unakimbilia wapi? Ukishaonja, unangoja kwanza."

Binti akangoja. Mshika redio naye akangoja. Muuguzi aliyekuwa anaingia na dawa akasimama palepale, hajui kuna nini.

"Asante, baba," akasema binti. "Haya, kunywa."

Mzee akanywa yote, na hakutazama hata ndani ya glasi. Tangu siku hiyo, hakuna kikombe kilichofika mdomoni mwa Mzee Onja kabla binti yake hajakionja, hadi kile cha mwisho.

Kwa mama mjane, aliyejaza vikombe pomoni: pole sana, mama. Kwa binti, fundi cherehani: pole, na tunakushukuru kwa kutukabidhi habari hii. Kwa mshika redio na wenzake wa kikosi waliobaki: poleni, na asanteni. Asanteni kwa kwenda, na kwa yote mliyorudi nayo mkayabeba kimyakimya.

Na wewe unayenisikiliza, pengine nyumbani kwako yupo askari mstaafu. Baba, shangazi, au yule jirani anayekagua kufuli la mlango mpaka mnamcheka. Muulize, angali yupo wa kukujibu. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Mwambie asante hivyohivyo.

Sasa vile vikombe vyenu. Hapa studio nina glasi ya maji. Naonja kwa niaba yenu.

Tayari. Na kama alivyotufundisha, tukishaonja tunangoja kwanza. Tungoje pamoja, kimya, kwa ajili yake.

Haya. Kunyweni.