Risala ya Wachora Mabango Juu ya Kitufe cha Sawa

Mgeni rasmi, uliye Mkuu wa kampuni iliyotengeneza programu yetu ya kuchorea, Meneja wa karakana, wenzetu wote:

Jumatatu, tarehe tatu Machi, asubuhi, herufi za marehemu Mama Herufi zilivunjika mbele ya macho yetu. Hadi leo vinywa viko wazi.

KARIBU
Karibu, ndugu mgeni. Kiti ulichokalia kilikuwa cha Mama Herufi. Hatukukuwekea makusudi, ndicho pekee kisicho na mguu mbovu.

TULIKOTOKA
Mama Herufi ndiye aliyetufundisha kwamba mchoro wa programu hii ni mistari iliyoshikwa na nukta, kama kamba ya nguo inavyoshikwa na vibanio. Ukivuta nukta, mstari unapinda. Herufi zote za mabango yetu alizichora yeye, tumbo la kila "a" akilipinda kwa nukta nyingi mpaka liwe duara. "Herufi isiyo na tumbo ina njaa," alikuwa akisema. Alipofariki, mumewe, fundi wetu wa kukata vibao tunayemwita Shemeji, aliapa kwamba kibao cha kaburi lake kitaandikwa kwa herufi alizochora mwenyewe marehemu.

MAFANIKIO
Programu inafunguka upesi. Hilo tunakiri. Zamani mashine ya kompyuta ilikuwa ikikoroma, na mstari ukiuvuta unakufuata kama mtoto aliyenuna. Ndipo tukawaandikia: tunaomba programu iwe nyepesi.

CHANGAMOTO
Tuliomba programu iwe nyepesi, nyinyi mkaipunguza michoro yetu. Mwenye punda kalalamika punda haendi, nanyi mkamwaga mzigo njiani, kisha mkangoja makofi.

Asubuhi ile Shemeji alifungua faili ya kibao. Yakatokea maneno: "Tutaondoa nukta zisizo za lazima." Chini yake kitufe kimoja tu, Sawa. Akakibonyeza. Jina la mkewe likaja limejaa kona, kama limechongwa kwa shoka.

"Shemeji, umegusa nini?" mmoja wetu akamuuliza.

"Nimegusa Sawa. Wewe unaona kingine cha kugusa?"

Tukabonyeza Tendua, kile kitufe cha kurudisha yaliyofutika. Ikasema hakuna cha kutendua. Sawa ile moja ilikuwa imepita kwenye faili zote za karakana.

Shemeji akauliza taratibu, "Zisizo za lazima kwa nani?"

Meneja akatuambia tuzoee, eti kwa mbali hakuna atakayeona.

"Kaburi halisomwi kwa mbali, bosi," Shemeji akamwambia.

MAOMBI
Tunaomba kitufe cha Hapana. Tendua irudi mpaka kabla ya hayo maboresho. Vitufe vikue, maana tunaovaa miwani tunabonyeza kwa kubahatisha. Na mje mkae nyuma yetu tukichora. Wakubwa mnaboresha msichokitumia.

Ombi la mwisho. Mlipotuwekea programu mpya, watu wenu walibeba mashine za zamani, wakasema zinakwenda kufutwa. Ya Mama Herufi ina ua alilolichora kwa rangi ya kucha pembeni mwa kioo, na herufi zake nzima zimo humo. Shemeji amepiga simu kwenu, ameambiwa asubiri. Kaburi bado halina jina.

Tunakuombea afya, macho mazima na mkono usiotetemeka. Ni sisi, wachora mabango wa karakana hii, pamoja na Shemeji, ambaye anaomba umjibu kabla hujanyanyuka kwenye kiti hicho: mashine yenye ua imeshafutwa?