Mama Kaswera na Meza ya Kukatia

Baada ya miaka ishirini na mmoja katika atelie yetu ya kushona ya Kyeshero, Mama Kaswera Espérance anapumzika kazi tarehe 31 Julai. Amechoka. Sisi pia tunaandika haya kwa macho mazito, baada ya majuma matatu ya kukimbiza makoti ya mvua kabla mpaka wa Gisenyi haujafungwa tena.

Alianza kwa vifungo, akapanda hadi shefu, msimamizi wa laini ya pili ya mashine. Kazi yetu mnaijua: vipande huja kwenye makaratoni vikiwa vimekatwa tayari ng'ambo, sisi tunaviunga, koti linarudi ng'ambo. Kazi hiyo hulisha nyumba sabini. Kikikosekana kipande kimoja, nyumba sabini zinangoja. Kwa miaka minane alimwomba Direkta Ntirenganya meza ya kukatia. Kwa miaka minane aliambiwa mteja hataki.

Machi iliyopita makaratoni yalifika bila kofia za makoti. Direkta akataka kuturudisha nyumbani. Mama Kaswera akamkatalia:

"Papa Direkta, watu sabini walale njaa juu ya kofia? Kofia ni kitambaa, haikutoka mbinguni!"

Kisha akalaza milango miwili mibovu juu ya mapipa, akachora kofia kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, akakata kitambaa alichoacha mteja wa zamani. Alisahau kugeuza karatasi ili kupata upande wa kulia, na vipande ishirini vya kwanza vikatoka vyote vya kushoto. Akacheka hadi machozi: "Tumeshonea watu wanaoangalia kushoto tu, upande wa Gisenyi!"

Mteja alipokea makoti yote. Barua yake ilishukuru, kisha ikatuagiza siku nyingine tungoje kofia zake. Mama Kaswera aliisoma mara mbili, akaikunja. Toka siku hiyo, kila saa ya mapumziko, alitufundisha wanawake wanne kukata. Mimi ni bibi harusi wa majuma sita, mapenzi nayaona kila mahali, lakini jamani, yale yalikuwa mapenzi!

Juma lililopita Direkta alikubali: shule moja ya Katindo imeagiza sare themanini, na tutazikata wenyewe. Tunaanza Jumatatu, tarehe 3 Agosti. Tulimsihi Mama Kaswera abaki hadi siku hiyo moja tu.

"Magoti yamekataa, mabinti. Mukate ninyi."

Asante, Mama. Pumzika vizuri, ulale hadi jua liwake, na Mungu akutunze.

Rosine, laini ya pili