Nyumba Haina Kasoro, Ila Majirani

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi rangi alikuwa akimweleza muuguzi asiyemjua kuhusu nyumba aliyopata. Jioni hiyo lazima aseme anahamia au hahamii.

“Nyumba nzuri, dada yangu. Vyumba vitatu, maji hayakatiki.”

“Sasa unasita nini?”

“Majirani! Ninakokaa, mwenye friji ni mimi tu. Mtaa mzima unaniita Bosi, na mama watoto anagawa barafu kama malkia. Kule hata mbwa ana daktari wake.”

Mimi, ambaye hata feni sina, nilijikuta namwonea wivu mtu anayelalamika.

“Kumbe unaogopa kuwa mkia, kaka?” muuguzi akamchokoza.

“Kabla ya friji nilikuwa mkia miaka thelathini. Naujua.”

“Na watoto wanalala wangapi chumba kimoja?”

Fundi akakuna kidevu chenye rangi. “Wanne. Pamoja na friji.”

Muuguzi alicheka mpaka akakaribia kupitiliza hospitali. Basi liliposimama akashuka, bado anajifuta machozi. Fundi, naye anacheka, akanigeukia. “Ndugu, ungekuwa wewe ungehama?”

Kituo changu kilikuwa bado mbali, lakini nilishuka.